Kijidudu Ndani ya Sufuria: Vipimo vya Haraka vya Usalama wa Chakula

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana, kina mama na kamati ya futari, siku za mwisho za mwezi wa Shaabani. Tumeyaandika kama yalivyosemwa, tukapunguza marudio tu.)



Ndugu zangu, mama zetu, na vijana wenzangu. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tena, Ramadhani ikiwa mlangoni. Nawashukuru pia waliotayarisha kikao hiki. Waliponipigia simu waliniambia, "Wewe wafanya kazi ya maabara, njoo utuzungumzie sayansi, lakini usitutie usingizi." Nitajaribu. Ni baada ya Alasiri na joto lenyewe ndilo hili, kwa hivyo mkisinzia sitawalaumu.

Nataka kuanza na jambo lililotupata sisi wenyewe, katika msikiti ambao sitautaja. Wengine hapa mlikuwepo. Ni miaka michache iliyopita, kumi la pili la Ramadhani, futari ya pamoja, watu kama 150 hivi. Palikuwa na tende, uji, viazi karai, sambusa za nyama, halafu wali na mchuzi. Watu wakafuturu, wakaswali Magharibi, wakarudi wakala vizuri. Tarawehe haijesha, watu wakaanza kutoka kwenye safu. Huyu anatapika, yule ameshika tumbo. Kufikia saa nne usiku walikuwa zaidi ya 20. Mtoto mmoja na mzee mmoja ilibidi walazwe kwa kuishiwa na maji mwilini. Alhamdulillahi hakufa mtu.

Sasa sikizeni. Usiku ule ule, kabla hata ya daku, sisi tulikuwa tushamjua mwenye makosa. Sambusa! Zililetwa na mama mmoja wa mtaani ambaye huuza sambusa mwaka mzima, na kila Ramadhani huleta sadaka ya sinia mbili. Mtu akasema nyama yake ilikuwa imelala. Nani alisema? Hakuna ajuaye. Lakini maneno yalitembea kuliko maradhi yenyewe. Na mimi, mwenye cheti cha maabara, niliulizwa mbele za watu nikasema, "Yaelekea ni nyama." Nilisema hivyo sina ushahidi wowote.

Bahati nzuri kijana mmoja wa kamati alikuwa ameweka mabaki ya kila chakula kwenye friji, kila kimoja na mfuko wake. Asubuhi tukayapeleka maabara. Majibu yalitoka siku ya tano. Siku tano! Kwa muda huo yule mama alikuwa amefunga jiko lake, maana hakuna aliyenunua tena kwake. Majibu yalisema nini nitawaambia mbele. Kwanza tuulizane, siku tano zote hizo zinakwenda wapi?

Kumngoja bakteria azae

Watu wengi hudhani maabara ni kama eksrei, unaingiza kitu, unaona. Sivyo. Bakteria wenye kudhuru mara nyingi huwa wachache sana ndani ya chakula, na wamechanganyika na mamilioni ya wengine wasio na neno. Chukua mfano wa salmonela, anayepatikana sana kwa kuku na mayai. Kanuni ya vipimo kwa vyakula vingi vilivyo tayari kuliwa ni kwamba katika gramu 25 asipatikane hata mmoja. Hata mmoja! Basi utamwonaje mmoja, na yeye urefu wake ni kama sehemu mbili za elfu za milimita?

Njia ya tangu zamani ni kumlisha ili azae. Siku ya kwanza zile gramu 25 hutiwa kwenye maji yenye lishe, zikawekwa usiku kucha kwenye joto kama la mwili wa binadamu, nyuzi 37, ili bakteria waliochoka kwa kukaangwa au kugandishwa wapate nguvu. Siku ya pili huhamishwa kwenye lishe nyingine inayowabana wengine na kumwacha salmonela astawi. Siku ya tatu hupakwa kwenye visahani vyenye kitu kilichoganda, kisha ungoje madoa yaote. Halafu bado uhakikishe kwamba doa lile ni yeye kweli na si binamu yake. Hapo siku tano zimekwisha. Listeria huweza kuchukua wiki.

Na kile kitu kilichoganda, mama zetu, mnakijua nyinyi kuliko sisi. Ni agari, ule ule utelezi wa mwani mnaogandishia faluda. Aliyeuingiza katika maabara ni mwanamke, Fanny Hesse, mwaka wa 1881. Mumewe alikuwa akifanya kazi kwa Robert Koch kule Ujerumani, na walikuwa wakihangaika kwa sababu jelatini waliyotumia iliyeyuka kwenye joto. Yeye akawaambia watumie agari aliyokuwa akitumia jikoni mwake. Mpaka leo maabara zote za dunia zinatumia ujuzi wa jikoni. Mimi huwaambia wanafunzi wangu hivyo kila wanapodharau mambo ya upishi.

Njia hii ni ya kuaminika, sitaki mtu atoke hapa akisema ni ya kizamani haifai. Mahakamani ndiyo inayotegemewa. Tatizo lake ni moja tu: sambusa haingoji siku tano. Umri wake ni saa moja. Maziwa ni siku moja. Wakati jibu linatoka, chakula kishaliwa, kishaleta madhara yake, na watu washasingiziana.

Kifaa kilicho kwenye droo ya bibi

Hebu niulize. Nani hapa nyumbani kwao kuna mtu mwenye maradhi ya sukari? Naona mikono ni mingi. Basi nyote mna bayosensa nyumbani, na pengine hamkujua jina lake. Kile kipima sukari, kidude anachojidungia bibi kidoleni kisha akaweka tone la damu kwenye kijiti, ndicho bayosensa maarufu kuliko zote duniani.

Bayosensa ina pande mbili. Upande mmoja ni kitu cha uhai, au kilichotoka kwenye uhai, chenye kazi ya kumtambua anayetafutwa na kumwacha mwengine apite. Upande wa pili hugeuza ule utambuzi uwe habari tunayoweza kuisoma, kama vile umeme, mwanga au rangi. Katika kipima sukari, mtambuzi ni kimeng'enya kinachokamata sukari ya glukosi tu. Kikishaikamata, elektroni zinatembea, mkondo mdogo wa umeme unapita, na kifaa kinakuandikia namba. Sekunde chache tu. Wazo hili lilitangazwa mwaka wa 1962 na Leland Clark na mwenzake Champ Lyons huko Marekani, na kufikia 1975 mashine ya kwanza ilikuwa sokoni.

Sasa kijana atauliza, kama sukari imewezekana tangu 1975, mbona bakteria wa chakula mpaka leo ni shida? Hili ni swali zuri, na jibu lake ndilo kiini cha mambo.

Katika tone la damu la bibi, hata liwe dogo kama kichwa cha pini, mna molekuli za glukosi matrilioni kwa matrilioni. Kifaa hakitafuti, kinahesabu tu. Lakini katika chakula, yule unayemtaka pengine ni mmoja ndani ya gramu 25 za nyama, mafuta, bizari, kitunguu na chumvi. Ni kama mtu akuambie umtafute mtoto mmoja Kongowea siku ya soko, na huna hata picha yake. Mafuta yanaziba kifaa. Bizari ina rangi yake. Protini za nyama zinang'ang'ania kila mahali. Bayosensa nyingi zilizotengenezwa kwenye vyuo vikuu hufanya ajabu ukizijaribu kwenye maji safi, na ukizitia kwenye mchuzi wa kweli zinapotea njia.

Wanasayansi hawakukata tamaa. Kwa upande wa kumtambua bakteria wametumia kingamwili, yaani zile askari ambazo mwili wa mnyama huzitengeneza dhidi ya kiini fulani maalumu. Wametumia vipande vya DNA vinavyojibana na DNA ya bakteria kama zipu. Wengine wametumia bakteriofaji, ambao ni virusi wanaoshambulia bakteria peke yao, wala hawana habari na binadamu. Hawa mimi nawapenda kwa sababu moja kubwa: faji wa kuambukiza akimpata bakteria aliye hai huzaana ndani yake, na akimpata maiti hapati kitu. Kingamwili na DNA kwa kawaida haziwezi kukuambia kama uliyemshika yu hai au alikwisha kufa motoni.

Kwa upande wa kutoa habari, wako wanaopima umeme, wako wanaopima jinsi mwanga unavyogeuka juu ya utando mwembamba wa dhahabu, na wako wanaopima uzito. Ndiyo, uzito wa bakteria! Kipande cha kristali kama kilicho ndani ya saa ya mkononi hutetema kwa kipimo maalumu, na kitu kikigandamana nacho kinapunguza mtetemo. Mjerumani mmoja, Sauerbrey, alionyesha hesabu yake mwaka wa 1959.

Na aina iliyo rahisi zaidi mnaijua. Kile kijiti cha kupimia malaria, na kile cha Covid tulichotiwa puani, na kile dada zetu wanunuacho kwenye duka la dawa kimyakimya. Unatia tone, linapanda kama mafuta kwenye utambi, mstari unatokea. Ule mstari mwekundu mara nyingi ni chembe ndogo mno za dhahabu zilizofungwa kwenye kingamwili. Dhahabu ikiwa ndogo kiasi hicho haing'ari njano, inakuwa nyekundu. Vijiti vya namna hii viko vya salmonela, vya listeria, na vya ile E. koli mbaya iitwayo O157. Kijiti chenyewe hujibu kwa dakika 10 au 20.

Hapa ndipo penye udanganyifu wa matangazo, na nawaomba muwe macho. Kijiti kinajibu kwa dakika 15, ni kweli. Lakini vifaa vingi vya aina hii vinahitaji bakteria elfu nyingi, pengine laki, katika kila mililita ndipo vione. Kwa hivyo kabla ya kijiti, chakula lazima kilishwe kwanza ili bakteria wazae, muda wa saa 8, mara nyingine saa 24 au zaidi. Mtengenezaji huandika "dakika 15" kwa herufi kubwa kwenye boksi, na ile saa 24 iko ndani ya karatasi iliyokunjwa. Hata hivyo, kutoka siku tano mpaka siku moja na nusu si jambo dogo. Na pia kuna ufundi wa kupunguza hizo saa: wanatia shanga ndogo za sumaku zilizopakwa kingamwili, zinawakamata bakteria, kisha unaweka sumaku ukutani mwa chupa, unamwaga mchuzi wote unabaki na uliowataka. Huu kwangu mimi ni ufundi mzuri kuliko yote.

Hebu tufanye hesabu kidogo, vijana wa shule mnisaidie. E. koli akipata joto zuri na chakula kizuri hugawanyika kila dakika 20. Mmoja wawili, wawili wanne. Katika saa 8 amegawanyika mara 24. Mmoja amekuwa ngapi? Ni 16,777,216. Hesabu hiyo ndiyo inayomsaidia mtu wa maabara kumwona bakteria. Na hesabu hiyo hiyo ndiyo inayofanya kazi ndani ya sufuria yako iliyofunikwa na kifuniko, yenye uvuguvugu, kuanzia Adhuhuri mpaka Magharibi. Maabara tumenunua mashine ya kuwalea bakteria kwa bei ghali, na sisi majumbani tunawalea bure.

Yaliyotokea Afrika Kusini

Mtu asidhani mambo haya ni ya matumbo kuuma tu. Katikati ya mwaka wa 2017 madaktari wa watoto wachanga katika hospitali za Johannesburg na Pretoria waliona kitu kisicho cha kawaida: watoto wa siku chache wanaugua listeria, mmoja baada ya mwengine. Listeria humpata mama mjamzito, pengine yeye akahisi homa kidogo tu, lakini akavuka mpaka kwa aliye tumboni. Tarehe 5 Desemba 2017 waziri wa afya alitangaza kwamba kuna mlipuko. Chanzo? Hakijulikani. Watu wakashuku kuku, wakashuku maziwa, wakashuku mboga.

Mwezi wa Januari 2018, watoto tisa wadogo wa shule moja ya chekechea Soweto waliletwa hospitali siku moja, wana homa na kuharisha. Daktari akauliza walichokula. Maafisa wa afya wakaenda shuleni, wakafungua friji, wakakuta poloni, yaani nyama iliyosagwa na kupikwa, ikakatwa vipande baridi, chakula cha bei nafuu cha watu wa kawaida. Waliifuatilia mpaka kiwanda kimoja cha Polokwane, na tarehe 4 Machi 2018 jibu likatangazwa. Kufikia mwisho wa mlipuko, waliothibitishwa kuugua walikuwa watu 1,060, na waliojulikana kufa 216. Karibu wanne katika kila kumi wa wagonjwa walikuwa watoto wachanga wasiozidi siku 28. Ni mlipuko mkubwa wa listeria kuliko wowote uliowahi kurekodiwa duniani.

Je, bayosensa ingewaokoa? Nitasema ninavyoona, na mtu anaweza kunipinga. Kwa wale waliokwisha kula, hapana. Listeria anaweza kukaa mwilini mpaka siku 70 kabla ya kuonyesha maradhi, na mtu gani anakumbuka alichokula miezi miwili nyuma? Kuchelewa kule hakukuwa kwa visahani vya maabara tu. Lakini pale kiwandani penyewe, kwenye sakafu na mashine za kukatia, kipimo cha haraka cha kila siku kingeweza kupiga kelele mapema. Listeria hupenda mahali palipo na unyevu na baridi, na ana tabia mbaya kuliko wote: anaendelea kuzaa hata ndani ya friji kwenye nyuzi 4. Sisi friji tumeifanya kama hirizi, ukishatia kitu humo unahisi kimehifadhika. Mama mjamzito asile nyama baridi za aina ile bila kuzipasha moto mpaka zitoe mvuke. Vijana wa soseji na smoki za barabarani pia mnasikia, natumai.

Chumvi na kijidudu

Mpishi aliyefunga, mnajua, huonja chumvi kwa ncha ya ulimi kisha akatema. Na tone moja linatosha kumwambia habari ya sufuria nzima, kwa sababu chumvi imeyeyuka na kuenea. Bakteria si kama chumvi. Wao hukaa makundi makundi. Unaweza ukachota gramu 25 upande huu wa sufuria ukakuta salama, na upande wa pili kuna kijiji kizima. Kwa hivyo hata bayosensa nzuri vipi, jibu lake ni la kile kijiko ulichochota. Hili watu wa vifaa hawapendi kulisema.

Na jambo la pili, bayosensa hujibu swali uliloiuliza tu. Ya salmonela ukiiuliza habari ya kipindupindu itakuambia "hakuna", na itakuwa imesema kweli.

Kuna vipimo vya haraka ambavyo havimtafuti bakteria maalumu. Kwenye maziwa, Kenya hapa, viko tangu zamani: unatia rangi ya resazurini, ya samawati, na kadiri bakteria walivyo wengi ndivyo rangi inavyogeuka kuwa ya waridi na kisha kupotea. Dakika 10 tu. Haikuambii ni nani aliyemo, inakuambia maziwa haya yamechafuka. Viwandani na kwenye majiko makubwa wana kingine, wanapangusa meza kwa pamba, wanaitia kwenye kifaa chenye kimeng'enya cha kimulimuli, huyu mdudu anayewaka usiku. Kikikutana na ATP, ambayo imo ndani ya kila kilicho na uhai, kinatoa mwanga. Mwanga mwingi, uchafu mwingi. Sekunde chache umejua kama meza imeoshwa au imelambwa na kitambaa.

Mimi kama ningepewa fedha ya kununua kifaa kimoja kwa ajili ya Waislamu wa nchi hii, ningekipeleka kwenye maziwa ya ngamia. Maziwa haya yanatoka Isiolo na kwengineko, yanapanda basi kwenye jerikeni karibu kilomita 280 mpaka Eastleigh, jua kali, na wanaofanya biashara hii wengi wao ni kina mama wanaolea familia kwayo. Ramadhani wanunuzi huongezeka. Wengi hunywa mabichi, wanasema ukiyachemsha yanapoteza ladha na dawa yake. Jerikeni moja mbovu ikichanganywa na kumi nzuri, zote kumi na moja zimeharibika, na hasara ni ya yule mama. Kipimo cha haraka pale pale kituoni, kabla ya kuchanganya, kingemlinda mnywaji na kingemlinda muuzaji. Na mpaka kifaa hicho kifike, chemsheni. Ladha itapungua kidogo, mtazoea.

Kijana mmoja aliniuliza nje pale, ustadhi, kifaa hiki kinaweza kutambua nguruwe? Ndiyo. Si bakteria, lakini ufundi ni ule ule. Viko vijiti vyenye kingamwili dhidi ya protini ya nguruwe, na viko vipimo vya DNA. Mwezi wa Januari 2013, wakuu wa usalama wa chakula Ireland walitangaza kwamba walipima baga 27 za nyama ya ng'ombe. Katika hizo, 10 zilikuwa na DNA ya farasi, na 23 zilikuwa na DNA ya nguruwe. Magazeti ya Ulaya yalipiga kelele ya farasi. Sisi Waislamu tuliosoma mpaka chini tuliiona ile namba ya pili. Lakini kumbukeni, DNA huonekana hata kwa alama ndogo iliyobaki kwenye mashine, kwa hivyo lazima kuuliza na kiasi gani.

Mwengine akauliza habari ya vidude vya mkononi vinavyonusa nyama na kuleta jibu kwenye simu. Hivyo vinanusa hewa za uozo. Nyama ikioza, pua yako pia inajua. Salmonela hana harufu. O157 hana harufu, na wasiofika 100 wanatosha kumlaza mtoto hospitali. Usinunue kifaa hicho ukidhani kitakuambia chakula ni salama.

Siku ya tano

Sasa nirudi kwenye futari yetu.

Karatasi ya maabara ilisema sambusa hazikuwa na salmonela wala stafilokoka wa kutia shaka. Mchuzi ulikuwa sawa. Wali ulikuwa na bakteria aitwaye Basilasi sereasi, zaidi ya laki moja kwa kila gramu. Wali wetu. Wali uliopikwa na kamati, na mimi ni mmoja wa kamati. Ulitiwa jikoni saa nne asubuhi ili "tusikimbizane jioni", ukaiva Adhuhuri, ukafunikwa ukaachwa kwenye sufuria kubwa, katikati yake ukabaki na uvuguvugu siku nzima, kisha Magharibi tukautilia makaa tukaupasha.

Huyu Basilasi hukaa kwenye mchele mkavu kama mbegu, na mbegu yake haifi kwa kuchemka. Wali ukipoa polepole, mbegu inaota, bakteria wanazaa, na aina yake moja hutoa sumu ya kutapisha. Sumu hiyo inastahimili joto hata la nyuzi 121. Ukipasha wali moto unaua bakteria, sumu iko pale pale. Mtu hutapika kati ya nusu saa na saa 6, na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Salmonela kwa kawaida huanza baadaye, kuanzia saa 6 mpaka siku tatu. Mimi hili nilisomea! Ningetazama saa tu usiku ule, bila kifaa chochote, ningejua sambusa za nyama si za kwanza kushukiwa.

Na tungekuwa na bayosensa ya salmonela siku ile mkononi? Ingesema "hakuna" kwenye wali, nasi tungefurahi tukala.

Siku ya sita nilikwenda kwa yule mama na ile karatasi. Nilimkuta barazani. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Nikamsomea. Hakuna alichosema muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Hiyo karatasi utaisoma na msikitini?" Nikamwambia inshaallah. Ijumaa ile, baada ya swala, niliomba ruhusa kwa imamu nikasimama nikaisoma yote, pamoja na jina la wali na jina la mimi niliyesema ni nyama. Hakurudi kuuza mwaka ule. Mwaka uliofuata alirudi.

Kwa hivyo kamati ya mwaka huu, kabla hamjanunua mchele, haya ndiyo niliyokuja kuwaomba. Wali utiwe jikoni baada ya Alasiri, hata mkikimbizana. Kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye uvuguvugu, kiwe cha moto kweli, juu ya nyuzi 60, au kiwe baridi kweli, chini ya 5. Wali wa daku utandazwe kwenye sinia pana upoe haraka, kisha uingie kwenye friji, usilale ndani ya sufuria. Kila siku wekeni kijiko cha kila chakula kwenye mfuko safi ndani ya friji, muandike tarehe, mkitupe baada ya siku tatu. Yule kijana aliyefanya hivyo mwaka ule hakuambiwa na mtu, na bila mifuko yake mimi ningekuwa bado nasema ni sambusa.